Kutengeneza na kujaribu antena ya redio ya ridhaa nyumbani: mwongozo kutoka Lubumbashi

Mvua za Lubumbashi huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kuendelea hadi mwezi wa nne. Antena iliyokuwa ikisikia vizuri mwezi wa tisa, ifikapo mwezi wa pili inakuwa kiziwi: stesheni za karibu zinafifia, za mbali hazipo kabisa, na mwenye redio anaanza kutafuta pesa ya redio nyingine. Mara nyingi redio haina kosa lolote. Kosa liko nje, ndani ya sentimita chache tu: pale kebo inapoungana na waya, ndani ya plagi, au katika kebo yenyewe iliyokunywa maji. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye parseli ya kawaida, paa la tole, umeme unaokuja na kuondoka, na vifaa vinavyopatikana soko la Kenya hapa mjini au kwa mafundi wa mtaani. Nitakaa sana kwenye kebo na maungio kwa sababu ndiko antena nyingi zinakofia. Kisha tutafunga dipoli ya megahezi 7 (antena ya nyaya mbili sawa zinazokutana na kebo katikati), na mwishoni kuna jaribio ambalo halihitaji kutuma hata wati moja.

Kusikiliza na kutuma ni mambo mawili tofauti. Hapa Kongo alama za mwito za redio ya ridhaa huanza na 9Q, na masafa yanasimamiwa na ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano. Kama huna ruhusa ya kutuma, fanya sehemu za kusikiliza peke yake. Ni nyingi, na zinafundisha karibu kila kitu kinachohitajika kuijua antena. Pia mweleze shefu wa kartie na majirani mlingoti huo ni wa nini kabla hujausimamisha. Waya mrefu juu ya nyumba huleta maswali, na ni afadhali jibu litoke kwako mapema kuliko litoke kwa watu wanaokisia.

Vifaa, na namna ya kuijua shaba ya kweli

Unahitaji multimita ya kawaida, kisu kikali, koleo, chuma cha kulehemu, lehemu yenye rosini ndani, vipande vya bomba la PVC, kamba imara, na tyubu ya baiskeli iliyochoka. Usitumie asidi ambayo mafundi wa tole hutumia kulehemu. Inashika upesi, lakini inaendelea kula shaba kimyakimya, na baada ya msimu mmoja kiungo kinakuwa unga wa kijani.

Waya unaofaa ni ule wa shaba wa kufungia umeme nyumbani, wa milimita mraba 1.5 au 2.5. Shaba inachimbwa hapa kwetu Katanga, lakini nyaya nyingi madukani ni alumini iliyopakwa shaba juu juu. Kabla hujalipa, omba kipande na ukikwaruze kwa kisu. Rangi nyeupe ikitokea chini ya ile nyekundu, hiyo ni alumini. Kikunje na kukikunjua mahali pamoja mara kadhaa: shaba inavumilia, alumini inakatika mapema. Inua pia roli lenyewe mkononi. Roli la alumini ni jepesi kupita kiasi. Waya wa namna hiyo unaweza kupokea mawimbi, sikatai, ila haushiki lehemu vizuri na unakatika kwenye fundo upepo wa mwezi wa nane ukianza kuutikisa.

Umeme na radi kwanza

Angalia juu kabla hujainua kitu chochote. Chukua urefu wa mlingoti wako, ongeza nusu yake, na hakikisha ndani ya umbali huo, pande zote, hakuna waya wa umeme hata mmoja. Mlingoti wa mita 8 unataka mita 12 za nafasi huru. Usirushe kamba juu ya mwembe ambao nyaya za umeme zinapita upande wake wa pili. Wala usihesabu waya kuwa salama kwa sababu kuran imekatika: inaweza kurudi sekunde ileile mkono wako ukiwa juu.

Kuhusu radi, nchi yetu si nchi ya kubahatisha. Vipimo vya satelaiti ya NASA vinaonyesha kuwa Kabare, Kivu ya Kusini, hupata miale karibu 205 ya radi kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Ni nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, na Sake, karibu na Goma, imo katika tano za kwanza. Katanga haifikii hesabu hiyo, lakini kila mkaaji wa Lubumbashi anajua ngurumo za mwezi wa kumi na mbili zilivyo. Sheria ya msimu wa mvua ni moja: ukimaliza kutumia redio, chomoa kebo na uitoe nje ya dirisha. Usiiache mezani karibu na redio, maana radi inaruka kutoka kwenye plagi hadi kwenye chuma chochote kilicho karibu. Ukisikia ngurumo na bado hujachomoa, iache hivyohivyo, ondoka hapo, na wengine wote wa nyumbani wakae mbali nayo.

Fimbo ya ardhini ya mita 1.5 au zaidi, iliyopigiliwa nje karibu na mahali kebo inapoingilia, inasaidia kumwaga chaji inayojikusanya kwenye waya. Haiwezi kuzuia pigo la moja kwa moja. Udongo wetu mwekundu ukikauka mwezi wa saba na wa nane unapitisha umeme vibaya sana, kwa hiyo pigilia fimbo mahali panapopata maji mwaka mzima, kwa mfano pale maji ya kufulia yanapomwagwa.

Kupima kebo

Shusha antena yote. Tenganisha kebo na waya wa antena upande wa juu, na uitoe redioni upande wa chini. Kupima kebo ikiwa bado imefungwa kwenye antena kunadanganya, kwa sababu antena nyingine, hasa zenye transfoma katikati, zimetengenezwa zisome kama zimegusana.

Weka multimita kwenye omu, gusisha ncha zake mbili, na uandike inachosoma. Hicho ni kiasi cha kutoa kwenye vipimo vyote vinavyofuata. Sasa pima kati ya moyo wa kebo, yaani waya wa katikati, na msuko wake wa nje, upande wa pili ukiwa wazi bila kugusana. Multimita isisome chochote hata kwenye kipimo cha juu kabisa. Ikisoma megaomu chache, au mbaya zaidi kiloomu, kuna maji au uchafu ndani. Ikisoma omu chache tu, msuko umegusa moyo mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni ndani ya plagi.

Kisha gusisha moyo na msuko upande wa mbali kwa kipande cha waya na upime tena. Kebo nyembamba ya redio iitwayo RG-58, ya mita 20, isome karibu omu 1. Kebo ya televisheni yenye moyo wa chuma uliopakwa shaba itasoma zaidi kidogo, hilo ni la kawaida. Unachotafuta ni namba inayotulia. Mwombe mtu aitikise kebo taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wewe ukiangalia kioo. Namba ikiruka, mahali anapotikisa ndipo penye ugonjwa.

Maji yakiingia kwenye kebo hayabaki juu. Yanafuata nyuzi za msuko kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi, na yanaweza kufika mbali na mlango yalikoingilia. Kwa hiyo usikate sentimita 5 ukaridhika. Kata sentimita 10, bandua ganda, angalia msuko. Ukiwa unang'aa, umefika. Ukiwa mweusi au wa kijani, kata tena. Ukishapita mita moja na bado ni mweusi, achana na kebo hiyo: hasara yake imeenea kote na hakuna kiungo kitakachoirudisha.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawaliamini wakilisikia mara ya kwanza. Kebo iliyooza inaweza kuonyesha SWR nzuri kabisa, yaani kile kipimo cha wimbi linalorudi kutoka kwenye antena. Wimbi linapotea njiani likienda, na kile kidogo kinachorudi kinapotea tena njiani kikirudi, hivyo mita inaona karibu hakuna kinachorudi. Usichukue SWR ya chini kama cheti cha afya. Multimita na macho yako kwenye msuko ndivyo mashahidi wa kwanza.

Kurudisha maungio

Fanya kazi ya kulehemu mezani, si juu ya ngazi. Upepo unapoza kiungo kabla lehemu haijayeyuka sawasawa, na matokeo yake ni kiungo cha kijivu chenye chembechembe ambacho kitaachia. Safisha shaba kwa kisu au karatasi ya msasa hadi ing'ae, sokota nyaya ziwe imara zenyewe bila lehemu, kisha pasha waya, usipashe lehemu. Lehemu iguse waya uliopata moto na itiririke yenyewe.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, chuma kizito cha kulehemu, kile cha mafundi wa tole chenye kichwa cha shaba, kinapata moto vizuri kwenye mbabula yenye makala yaliyowaka. Kwa waya wa milimita mraba 2.5 ni bora hata kuliko chuma kidogo cha wati 30, maana kinashika joto. Kwenye kebo lakini uwe mwangalifu: plastiki nyeupe iliyo kati ya moyo na msuko inayeyuka upesi, moyo unahama na kugusa msuko. Gusa, hesabu sekunde mbili au tatu, ondoa.

Kebo ya televisheni, RG-6, ni ya omu 75, na inapatikana kwa urahisi kuliko RG-58 ya omu 50. Itumie bila wasiwasi. Dipoli iliyo juu vya kutosha ina ukinzani wa karibu omu 73, na tofauti kati ya 75 na 50 inaleta SWR ya 1.5 tu, yaani asilimia 4 ya nguvu ndiyo inayorudi. Tatizo lake ni lingine: msuko wake mara nyingi ni wa alumini, haushiki lehemu. Usipoteze mchana mzima ukijaribu. Tumia plagi zake za kukaza, au ubane msuko kwa bolti na washa za chuma kisichoshika kutu, halafu shaba ya antena ije kwenye bolti ileile ikitenganishwa na alumini kwa washa. Shaba ikigusa alumini moja kwa moja na mvua ikanyesha, alumini inaliwa.

Kuzuia maji ni kazi ya tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni utepe wa umeme, uliovutwa kiasi, unaoanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko ufunike ule wa chini yake kama tole za paa. La pili ni ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita 2, uliovutwa hadi ukaribie kukatika na kuzungushwa kwa mtindo uleule. Mpira uliovutwa hivyo unabana pande zote na haufunguki. La tatu ni utepe wa umeme tena, kazi yake ni kuukinga mpira na jua. Kabla kebo haijaingia nyumbani, iache ishuke chini ya tundu la ukuta na kupanda tena, ili maji yadondoke pale chini badala ya kufuata kebo hadi kwenye redio. Mdomo wa kebo upande wa juu uangalie chini, kamwe usiangalie mbinguni.

Kufunga dipoli ya megahezi 7

Bendi ya mita 40, kutoka megahezi 7.000 hadi 7.200 kwa eneo letu la dunia, ndiyo ninayoipendekeza kwa antena ya kwanza. Mchana inafika Likasi, Kolwezi na Kopperbelt ya Zambia; usiku inaondoka na kwenda mbali.

Hesabu ni fupi: gawanya 142.6 kwa masafa ya megahezi, unapata urefu wa dipoli nzima kwa mita. Kwa 7.1 ni mita 20.08, yaani mita 10.04 kila upande. Waya wenye ganda la plastiki unataka kuwa mfupi kidogo kuliko hesabu, lakini wewe ukate mrefu: mita 10.5 kila upande. Waya mrefu unapunguzwa. Mfupi unaleta kiungo kingine.

Vihami vya mwisho vitoe kwenye bomba la PVC, vipande vya sentimita 10 vyenye tundu mbili mbalimbali. Pitisha waya kwenye tundu moja, ukunje urudi juu yake wenyewe na uusokote. Cha katikati kiwe kipande kipana cha plastiki nene, cha bidoni au ubao wa jikoni, chenye tundu za kutosha kuushika waya wa kila upande na kuibana kebo. Uzito wa kebo ubebwe na plastiki, usibebwe na lehemu. Jambo hili dogo linaamua kama antena itaishi mwaka mmoja au mitano.

Chini kidogo ya kihami cha katikati, zungusha mita 5 hivi za kebo juu ya bomba la PVC la milimita 110, mizunguko 13 au 14, mmoja kando ya mwingine bila kupandana, na uifunge isilegee. Koili hiyo inazuia mkondo usirudi kwa nje ya msuko hadi chumbani, na inapunguza kelele za nyumba zinazopanda kwa njia hiyohiyo. Zile pete za rangi ya njano na nyeupe zinazotolewa kwenye pawasaplai za kompyuta zilizokufa usizitumie kutengenezea transfoma ya antena. Ni unga wa chuma uliokusudiwa masafa ya chini, na kwenye megahezi 7 zinakula nguvu.

Parseli nyingi hazina nafasi ya waya wa mita 20 ulionyooka pamoja na kamba zake. Basi inua katikati peke yake na ushushe pande mbili kama V iliyopinduliwa. Mlingoti wa mkaratusi au wa mianzi, kilele mita 8, ncha mita 2.5 kutoka ardhini: hapo upana unaohitajika ni kama mita 17. Paka sehemu ya mlingoti itakayozama ardhini mafuta machafu ya gari, na urudie kila mwaka, la sivyo mchwa wataumaliza kabla hata kamba hazijachoka. Ncha zisishuke chini ya mita 2.5. Wakati wa kutuma, mwisho wa dipoli unabeba volteji kubwa hata kwa nguvu ndogo, na watoto hucheza uwanjani. Kamba ya nailoni inaliwa na jua letu. Ya poliesta nyeusi inadumu zaidi. Upande mmoja usifunge moja kwa moja kwenye mwembe: pitisha kamba kwenye tawi na uning'inize chupa yenye mchanga, mti ukiyumba chupa inapanda na kushuka na waya haukatiki.

Kukata kwa hesabu

Ukiwa na NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, au kinachofanana nayo, tafuta masafa ambapo SWR iko chini kabisa. Mfano: waya wako wote una mita 20.6, na bonde liko kwenye 6.85 wakati unataka 7.1. Zidisha 20.6 kwa 6.85, ugawanye kwa 7.1: unapata 19.87. Toa sentimita 36 kila upande. Usikate bado. Kunja ncha irudi juu ya waya wake na uisokote, inua, pima. Waya uliokunjwa hivyo unahesabika kama umekatwa, na ukipitiliza unaukunjua.

Bila kifaa hicho, mwenye ruhusa anaweza kutumia mita ya redio yake. Sikiliza kwanza kama masafa ni huru, taja alama yako ya mwito, tuma kwa wati 5 sekunde chache kwenye 7.010, halafu 7.100, halafu 7.190. SWR ikiwa ndogo zaidi chini ya bendi, waya ni mrefu. Ikiwa ndogo juu, ni mfupi. Ukifika 1.5 katikati ya bendi, acha kukata. SWR ya 2 inarudisha asilimia 11 tu ya nguvu, na anayekusikiliza upande wa pili hawezi kuisikia tofauti hiyo. Nimeona watu wakimaliza Jumamosi nzima wakifukuza 1.0 kwenye antena yenye kiungo kibovu. Muda huo ungefaa zaidi kwenye kiungo.

Dipoli hiyohiyo inakubali pia bendi ya megahezi 21, kwa sababu 21 ni mara tatu ya 7. Ni zawadi, itumie.

Tole za paa zinaigusa antena. Waya ukipita nusu mita juu ya tole, masafa yake yanahama na nguvu nyingi inapotea. Uweke mita 3 au zaidi juu ya paa, au uupeleke upande wa uwanja. Usijihukumu kwa sababu mlingoti wako ni wa mita 8 badala ya 20. Kwenye megahezi 7, antena ya chini inatupa mawimbi juu moja kwa moja, yanarudishwa na anga na kuangukia eneo lote la mamia ya kilomita kukuzunguka bila kujali milima. Kwa mtu anayetaka kuongea na Kolwezi mchana, hicho ndicho kinachotakiwa hasa.

Kwa masafa ya megahezi 145, antena ni kitu cha nusu saa. Soketi ya SO-239, waya mmoja wa shaba wa sentimita 49 uliosimama kwenye moyo wake, na nyaya nne za sentimita 51 kwenye tundu za pembeni, zikiinama chini nyuzi 45. Hapa kinachohesabika ni antena mbili kuonana bila kizuizi: ipandishe juu kadiri uwezavyo, kwa kebo fupi, kwa sababu RG-58 inakula sana kwenye masafa hayo.

Kelele za nyumba

Antena nzuri inaweza kusikia vibaya kwa sababu ya chaja moja. Umeme unapokatika kartie nzima, usikae gizani tu: washa redio kwa betri na usikilize. Kelele ile ya mfululizo ikishuka ghafla, ilikuwa ya nyumba, yako au za jirani, na sasa unasikia anga yenyewe. Andika mita ya redio inasoma wapi. Hiyo ndiyo alama yako ya kulinganishia.

Umeme ukirudi, zima disjonkta ya nyumba yako, redio ikiwa bado kwenye betri. Kelele ikiondoka, mkosaji yuko ndani mwako. Rudisha, kisha chomoa kitu kimoja kimoja: chaja za simu, balbu za LED, televisheni, na zaidi ya vyote kontrola ya sola na inveta, ambazo kwa nyumba zetu za sasa ndizo zinazovuruga kuliko vingine. Kontrola za bei ya chini zinanguruma jua likiwa kali na kunyamaza usiku; ukisikia mtindo huo, umeshampata. Chukua vile vinundu vyeusi vilivyoko kwenye kebo za skrini za zamani za kompyuta, virudishe kazini kwa kupitisha waya wa kifaa kinachopiga kelele ndani yake, mara mbili au tatu kama tundu linatosha. Kelele ikitoka kwa jirani, mwendee kwa heshima na redio ndogo mkononi aisikie mwenyewe, na umpelekee balbu nyingine. Mama wa nyumba akiona huna lawama, anabadilisha balbu siku hiyohiyo.

Jaribio la bure: taa za redio za 14.100

Kwenye megahezi 14.100 kuna mtandao wa stesheni 18 za alama, ulioanzishwa na NCDXF, taasisi ya wanaredio wa Kalifornia, pamoja na IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, unaozunguka dunia nzima kila dakika 3. Kila moja inapewa sekunde 10: inataja jina lake kwa Morse, kisha inapiga milio minne mirefu ya sekunde moja moja. Mlio wa kwanza ni wa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Hakuna kipimo cha antena kilicho bora kuliko hiki kwa mtu asiye na maabara. Kila mlio unaozidi kusikika ni desibeli 10 ulizopata, yaani mara kumi ya nguvu.

Sisi wa Lubumbashi tuna bahati ya kijiografia hapa. ZS6DN, karibu na Pretoria, iko karibu kusini kabisa mwetu. 5Z4B, nchini Kenya, iko kaskazini mashariki. Zote mbili ziko mbali nasi zaidi kidogo ya kilomita 1,500, na zinafuatana: ya Pretoria inaanza dakika 1 na sekunde 40 baada ya mwanzo wa mzunguko, ya Kenya sekunde 10 baadaye. Mizunguko inaanza saa kamili na kila dakika 3 baada ya hapo, kwa hiyo rekebisha saa ya simu yako kwa mtandao. Baadhi ya stesheni huzimika kwa muda. Zikiwa kimya, sikiliza inayofuata, 4X6TU ya Israeli.

Funga dipoli ya 14.1, mita 10.1 nzima, V iliyopinduliwa au iliyonyooka, juu ya mita 5 au zaidi. Waya uelekee kwanza mashariki na magharibi. Sikiliza mizunguko mitano, uandike kila stesheni milio mingapi. Geuza waya uelekee kaskazini mashariki na kusini magharibi, ili ncha yake iikabili Kenya, urudie mizunguko mitano mingine bila kuchelewa. Dipoli inatupa na kupokea kwa ubavu zaidi kuliko kwa ncha, na kadiri ilivyo juu ndivyo tofauti inavyoonekana. Ikiwa mlio mmoja wa Kenya umepotea na wa Pretoria umebaki, umeiona kwa masikio yako. Ikiwa hakuna kilichobadilika, antena iko chini mno au tole zinaivuruga. Ipandishe mita mbili, urudie.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha kebo, mwelekeo na urefu siku moja, hutajua kipi kilisaidia. Anga nayo hubadilika kila saa, hivyo linganisha antena mbili ndani ya dakika chache, zikibadilishana kwenye plagi moja, kisha rudia saa hiyohiyo siku nyingine, mara kadhaa, kabla hujaamua. Katika daftari weka tarehe, saa, urefu wa mlingoti, mwelekeo wa waya, hali ya hewa, kama umeme ulikuwepo au la, na milio. Mwezi wa tisa ujao, kabla ya mvua, pima tena kebo kwa multimita na uweke namba hizo kando ya zile za mwaka huu.